Moonsorrow, Verisäkeet: dakika 70 za kodiani, kichuma cha mdomoni na kelele za msituni

Naanza na hukumu kabisa ili asiye na muda aende zake. Verisäkeet ya Moonsorrow ni albamu kali kinoma, ina nyimbo tano tu lakini inakula zaidi ya saa nzima, na kama umezoea ngoma za dakika tatu ambazo kiitikio kinaingia kabla hata hujakaa vizuri basi hii itakukera mpaka uizime. Ila ukiipa masikio inavyotaka, binafsi sijaona bendi nyingine ya metali ya Kiviking (metali ni ile roki nzito ya magita) iliyoweza kuchanganya vyombo vya kijadi na blaki metali, lile tawi la metali la kasi na sauti za kukwaruza, hivi bila kimoja kukifanya kingine kionekane kituko. Ilitoka 2005 kwa lebo ya Spikefarm ya Ufini na mpaka leo naona haijapata mpinzani, hata kutoka kwa wenyewe walioitengeneza.

Naiandikia sasa hivi kwa sababu wakuu kuna huu mtindo, kila mtu akiulizia bendi za metali zenye vyombo vya asili anarushiwa nyimbo za kunywea bia, fidla inakimbia, watu wanarukaruka na mapembe ya plastiki kichwani, burudani sawa sikatai na mimi mwenyewe zipo kwenye simu yangu, lakini mtu anasikiliza mbili tatu anasema aah kumbe ndo hivi, anaondoka. Anaondoka hajakutana na Moonsorrow. Huku hakuna mtu anacheka, hakuna anayeimba habari za gudulia la pombe.

Tuwekane sawa kwanza kwenye hili jina la Viking maana linachanganya watu. Mambo yalianzia Stockholm kwa bendi inaitwa Bathory, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ni jamaa mmoja tu aliyejiita Quorthon. Alianza na makelele ya kishetani ya kawaida ya miaka ya 80, halafu kwenye Blood Fire Death ya 1988 akaanza kugeuka, na kufika Hammerheart ya 1990 amegeuka mzima mzima, mwendo umepungua, kwaya za kiume zimeingia, hadithi ni za mababu wa kaskazini na meli zao na miungu yao. Huyo jamaa amefariki 2004, mwaka mmoja kabla ya hii albamu ninayoizungumzia, na ukisikiliza zile kwaya za Moonsorrow unajua kabisa shule waliyosoma ni ipi. Baadae Enslaved wa Norwei wakaja na Frost mwaka 1994 na wakaliandika hilo jina la metali ya Kiviking waziwazi, basi likashika.

Sasa Moonsorrow ni Wafini, na hapo ndo kuna ka utata. Waviking wale wa kwenye historia ni watu wa Norwei, Denmark na Uswidi. Kifini hata hakina undugu na lugha za hao majirani, ni ukoo mwingine kabisa wa lugha, wako karibu na Waestonia. Kwahiyo bendi yenyewe haijawahi kulipenda sana hilo jina, wanajiita wenyewe metali ya kishujaa ya kipagani, ila wauza muziki wanataka boksi la kukutia na boksi lililokuwepo ni la Viking, wakatiwa humo. Na tuseme ukweli hata wao wamechangia, huwezi kuweka wimbo unaitwa Jotunheim, nchi ya majitu kwenye hadithi za Kinorse, halafu ukashangaa watu wanakuita Mviking.

Bendi ni ya mtu na binamu yake, Ville Sorvali na Henri Sorvali, walianza 1995 Helsinki. Ville anapiga besi na ndiye mwenye ile sauti. Henri ndo fundi mkuu, gita, kinanda, kodiani, kichuma cha mdomoni, na sehemu kubwa ya muziki inatoka kichwani kwake. Halafu kuna Mitja Harvilahti kwenye gita, Marko Tarvonen kwenye drams na Markus Eurén kwenye kinanda. Cha kuchekesha ni kwamba huyu Henri ndiye huyohuyo Trollhorn wa Finntroll, ile bendi inayopiga humppa, yaani muziki wa dansi wa Kifini wa haraka haraka, wakaupandishia magita ya metali na wakaimba kwa Kiswidi habari za mazimwi. Mwaka mmoja kabla ya Verisäkeet, 2004, Finntroll walitoa Nattfödd ambayo ni sherehe mwanzo mwisho. Mtu huyohuyo! Anatoka kwenye sherehe anaingia huku kuandika msiba wa dakika 14. Kwahiyo ukisikia watu wanasema foki metali, yaani metali yenye vyombo vya asili, yote ni utani, waambie hata mwandishi wa ule utani ana upande wa pili.

Twende kwenye vyombo maana hapa ndo penye hoja yangu.

Bendi nyingi zinazoweka vyombo vya kijadi kwenye metali zinaviweka kama kachumbari pembeni ya sahani. Gita linapiga mambo yake, drams zinapiga mambo yake, halafu kila baada ya muda filimbi inatokea inasema tuluu tuluu inapotea. Ukiitoa ile filimbi wimbo unabaki vilevile. Moonsorrow haiko hivyo, na nimekaa nikafikiria kwanini haiko hivyo, jibu nililopata ni mvumo.

Nieleze. Blaki metali kiufundi inafanya kitu cha ajabu kwenye gita: mpigaji anachapa waya mmoja kwenda na kurudi haraka sana mfululizo, haraka mpaka huwezi tena kusikia kila pigo peke yake, unachosikia ni sauti moja ndefu inayovuma. Drams nazo hivyohivyo, zinapigwa kwa kasi ambayo sikio linaacha kuhesabu linapokea tu kama mvua. Mikono inakimbia balaa ila kinachotoka kinasimama. Sasa angalia vyombo walivyochagua hawa jamaa. Kodiani inavuma, ukishabonyeza kitufe na mfuko unavutwa noti inakaa pale mpaka upepo uishe. Kichuma cha mdomoni, kile ambacho unakibana kwenye meno unakipiga kwa kidole kinalia boiiing, kile kina noti moja tu ya msingi maisha yake yote, kinachobadilika ni umbo la mdomo wako, ukipanua ukifumba kinabadilisha rangi lakini ile noti ya chini haihami. Na kuna jouhikko, zeze la zamani la Wafini na watu wa Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi, nyuzi zake kiasili ni singa za farasi, mbili au tatu, halina ubao wa kubonyezea, mpigaji anapitisha mkono kwenye tundu pembeni anagusa uzi kwa mgongo wa vidole huku upinde unakwaruza, na uzi wa jirani unavuma tu bila kuguswa. Hilo nalo limepita kwenye rekodi zao.

Unaona kinachotokea? Vyote vinavuma. Gita la blaki metali na zeze la singa za farasi ni ndugu, wote wanakwaruza noti ndefu. Kwahiyo vikikutana havigombani, vinaungana, na juu ya huo mvumo Henri anaweka wimbo wenyewe, ile tuni, ambayo inaenda taratibu kabisa kama ya watu wanaotembea. Ukichukua tuni yoyote ya hii albamu ukaiondolea umeme, ukampa bibi mmoja kijijini aimbe peke yake, itasimama. Nadhani hiyo ndiyo siri yao, na ndo maana hata sehemu ambazo hakuna chombo chochote cha kijadi kinachosikika, unasikia ujadi bado upo, kwa sababu uko kwenye tuni.

Kwa sisi wa pwani hii kodiani si mgeni jamani. Mtu aliyekulia karibu na taarabu ya Unguja anaijua kodiani tangu mtoto, anajua inavyoweza kulia na inavyoweza kuringa. Ndo maana mara ya kwanza nilivyoisikia kodiani ndani ya hizi kelele sikuona ajabu kivile, nilichoona ajabu ni kwamba huku hairingi hata kidogo. Taarabuni kodiani inajibizana na fidla, inapamba sauti ya mwimbaji, inapewa nafasi yake watu waifurahie. Huku imezikwa katikati ya gita, inabidi uitafute, na ukishaipata huwezi tena kuacha kuisikia. Jaribu na spika za masikioni nzuri, zile za bei ya njiani hazitakuonyesha.

Nyimbo zenyewe sasa. Karhunkynsi ndo ya kufungua, dakika kama 14, na haifungui kwa kishindo, inakusubirisha kwanza na sauti za mazingira kabla gita halijaingia. Wapo wanaolalamika hapo. Mimi naona ni onyo la kiungwana, yaani unaambiwa mapema kabisa kwamba huku hatuna haraka, kama una daladala la kuwahi shuka sasa. Ikishaingia lakini imeingia, na ile tuni kuu inarudi na kurudi, kila ikirudi kuna kitu kimeongezwa, mara sauti za kwaya, mara kinanda, mara drams zimebadilisha mwendo chini yake huku tuni iko palepale.

Haaska ndo ninayoipenda kuliko zote na hapa naomba mnivumilie. Jina maana yake ni mzoga, basi unajua unapoelekea. Kinachonikamata ni jinsi walivyoipanga kasi. Inakwenda mbio halafu inakatika, inakuwa nzito na ya taratibu, halafu mbio tena, lakini haijawahi kukatika kiasi kwamba ukasema huu sasa ni wimbo mwingine, kwa sababu kuna uzi unaoshikilia, ni ileile tuni inavalishwa nguo tofauti. Wakati wa mbio unaisikia kwenye gita la juu imejificha, wakati wa taratibu wanaume wanaipokea kwa pamoja, sauti safi sio za kukwaruza, sauti za kijinga kijinga hivi za watu wa kawaida, hakuna anayejifanya mwimbaji wa opera. Hiyo naipenda sana. Bendi nyingi za aina hii zikitaka ukubwa zinaenda kukodi kwaya ya kupendeza yenye vibrato, ile sauti inayotetemeka, au mbaya zaidi zinabonyeza kwaya ya kwenye kinanda. Hawa wanaimba kama wanaume walioshika kazi nzito, nusu yao hawajui kuimba, na ndo inatakiwa iwe hivyo.

Pimeä maana yake giza na ndo blaki metali kuliko zote humu, kama rafiki yako ni wa Norwei ya miaka ya 90 tu na hataki kusikia habari za kodiani mwekee hii kwanza. Sina mengi ya kuisema, inauma na inakimbia, basi.

Jotunheim. Eeh hapa tugombane kidogo. Hii ni dakika 19 na ushee na watu wengi wanaitaja ndo kilele cha albamu. Mimi naikubali nusu. Inaanza polepole na inajijenga vizuri, kuna utulivu ndani yake ambao nyimbo tatu za mwanzo hazikuwa nao, na ile sehemu inapofunguka kweli unasikia ukubwa. Lakini aisee kuna dakika kama tatu nne mle katikati zingeweza kuondoka na hakuna ambaye angeuliza. Tuni imeshasemwa, tumeshaielewa, inasemwa tena bila nguo mpya. Kwenye Haaska kila marudio yana sababu, hapa mengine hayana. Najua nitapigwa mawe kwa hili, pigeni tu.

Halafu Kaiho inafunga. Haina kupiga kelele hata kidogo, dakika nane na ushee, ni gita la akustika na wanaume wanaimba, na baada ya saa nzima ya kukwaruzwa masikio inaingia kama vile hukuitegemea ingawa ulikuwa unaijua. Kaiho ni ile hamu ya kitu kisichokuwepo tena, na wimbo unafanya hivyohivyo. Nimewahi kumwekea mama mdogo wangu hii bila kumwambia ni ya nani, mtu wa kaswida na taarabu yule, akasema ni nzuri, ni watu wa wapi hawa, wamefiwa? Sikumwekea Pimeä.

Sauti ya Ville ndo itawagawa watu. Sio ile ya kukoroma chini kama injini ya lori, ni ya juu, inakwaruza, inalia, wakati mwingine ni kama inapasuka. Wengine wanaona inachosha kwa dakika 70 na siwezi kuwabishia sana, maana haibadiliki badiliki, anachobadilisha ni anaingia wapi na ananyamaza kwa muda gani. Na kwakweli ananyamaza sana, kuna sehemu ndefu za muziki mtupu humu, hiyo inasaidia. Maneno yote ni Kifini. Hutaelewa kitu, na hakuna tatizo, nusu ya watu wanaocheza rumba ya Kongo hapa mjini hawajui Kilingala na hawajawahi kulala na njaa kwa hilo.

Malalamiko yangu makubwa ni mchanganyo wa sauti. Albamu iliyotangulia, Kivenkantaja ya 2003, ilikuwa imeoshwa ikang'aa, kinanda kipo mbele, kila kitu kina nafasi, iko karibu zaidi na roki ya zamani ile ya nyimbo ndefu. Kwenye Verisäkeet wakaamua makusudi kurudi kwenye uchafu, gita ni chafu, drams ziko nyuma kidogo, kila kitu kimerundikana. Nauelewa uamuzi, blaki metali iliyosafishwa sana inakuwa haina maana, na ule uchafu ndo unaoruhusu kodiani ijifiche vile. Lakini kuna sehemu besi ya Ville imepotea kabisa, na drams zikienda kasi ya juu zinageuka ukungu mtupu. Kwenye spika ya simu usijaribu, utasikia nyuki. Redio ya gari nayo inategemea, barabara ya vumbi na Pimeä vyote vina sauti moja.

Sasa yale maswali mawili ambayo lazima yaje. La kwanza ni la kina mama na majirani, kwamba huu si ni muziki wa shetani? Kwa hawa hapana. Najua blaki metali ya Norwei ilichafua jina, makanisa yalichomwa kule, lile la mbao la Fantoft kule Bergen liliungua 1992, na hakuna anayesahau. Moonsorrow wako upande mwingine wa hilo ukoo, mambo yao ni msitu, mizimu, miungu ya kale, vita na kifo, upagani ndiyo, Shetani hayumo. Kama upagani nao unakukera kwa imani yako basi heshimu imani yako uache, mimi sikulazimishi.

La pili ni zito zaidi na mtu mweusi yeyote anayesikiliza huu muziki ameshaulizwa au kajiuliza mwenyewe: hawa jamaa wa damu na mababu na nchi ya kaskazini, sio wabaguzi hawa? Swali halali kabisa, tena uliulize kwa kila bendi ya aina hii kabla hujawapa hela yako, kwa sababu kwenye blaki metali kuna kona ya Manazi kweli kweli, haifichiki, wengine wanajitangaza. Moonsorrow walipakwa hiyo rangi mwaka 2008 kwenye ziara ya Paganfest, kule Ujerumani, pamoja na bendi ya Týr ya visiwa vya Faroe, wakajitokeza hadharani wakakanusha na kusema hawana habari na siasa hizo. Mimi nimewachukulia hivyo, na hadithi za kwenye nyimbo zao hazina mtu wa kumchukia kwa rangi yake, zina baridi na mizoga tu. Ila nasema tena, ukienda kuchimba bendi nyingine zinazofanana na hizi usibofye bofye tu kwa sababu picha ya msitu ni nzuri. Soma kwanza.

Na kwa wale wanaoniambia metali ni ya wazungu, Nairobi ilikuwepo bendi ya Duma, albamu yao ilitoka 2020 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala na ilisikilizwa dunia nzima, ni kelele za kufa mtu kuliko hizi. Ninachosubiri mimi ni mtu wa huku achukue zeze la Kigogo, lile la kina marehemu Hukwe Zawose, alikwaruze juu ya drams za blaki metali. Mvumo upo tayari, ule mkwaruzo upo tayari, sijui tunasubiri nini.

Namna ya kuisikiliza, hili ni la muhimu wala sitanii. Nyimbo zimeunganishwa kwa sauti za mazingira, upepo sijui moto sijui nini, wimbo mmoja unaisha ndani ya mwingine. Kwahiyo ukiwa na programu ya muziki iliyowekwa kuchanganya nyimbo ovyo, zima. Ukiwa na ile inayoweka ukimya wa sekunde mbili kati ya wimbo na wimbo, ingia kwenye mipangilio uondoe, vinginevyo unasikia upepo unakatwa kwa kisu halafu unarudi, inaharibu kila kitu. Na ile ya kufifisha mwisho wa wimbo mmoja juu ya mwanzo wa mwingine nayo zima, hawa wameshafifisha wenyewe. Faida moja kwa sisi wa bure ambao hatulipii mwezi: matangazo yanakuja kati ya nyimbo, na humu nyimbo ni tano. Hebu fikiria mwenyewe. Upande wa bando ishushe usiku ukiwa na waifai ya mtu, maana saa nzima na zaidi ya muziki wa ubora wa juu si mchezo.

CD ipo, santuri nayo imetolewa, ila kwa huku shida sio bei ya diski ni bei ya kuisafirisha, posta inaweza kukutoza zaidi ya muziki wenyewe na bado ukafika mzigo ukaambiwa njoo na kitambulisho ulipie na hiki na kile. Kama una ndugu Ulaya anakuja likizo muagize yeye, ataiweka kati ya nguo itafika. Kama huna, nunua ya kidijitali basi, usijisikie vibaya.

Nani aichukue? Kama wewe ni wa Bathory ya miaka ile au Enslaved wa mwanzo, chukua jana. Kama umetoka Finntroll au Korpiklaani, bendi nyingine ya Ufini ya foki metali, na unataka kuona hii kitu inaenda mbali kiasi gani ikiacha utani, chukua, ila anza na Haaska na Kaiho ndo urudi mwanzo. Kama hujawahi kabisa kusikiliza metali yenye sauti za kukwaruza, ningekupeleka Kivenkantaja kwanza, ni laini zaidi na bado ni haohao. Na kama wewe ni mtu wa kusikiliza muziki huku unafanya mengine, unaosha vyombo, unajibu meseji, utaniambia ni kelele tupu zisizoisha, na kwa matumizi hayo utakuwa sahihi.

Baada ya hii walienda mbali zaidi na V: Hävitetty ya 2007, ambayo ina nyimbo mbili tu, moja dakika 30 nyingine 26, halafu 2008 wakatoa Tulimyrsky ambayo wanaiita EP, yaani albamu fupi, ingawa wimbo mkuu peke yake unakaribia nusu saa, hawa watu na muda wana ugomvi. Varjoina kuljemme kuolleiden maassa ya 2011 ni nzito na ya huzuni zaidi, dunia imeisha watu wanatembea kwenye theluji, nzuri lakini sio ya kila siku. Jumalten aika ya 2016 imerudisha ujadi mbele, na wengi wanaiweka juu ya Verisäkeet, siwashangai, imepangwa vizuri na inasikika vizuri kuliko hii. Mimi bado naona kule kila kitu kimekaa mahali pake mno.

Naipa Verisäkeet nne na nusu kwa tano. Nusu nimeikata kwa ajili ya zile dakika za katikati ya Jotunheim na ile besi iliyopotea, wakitoa toleo jipya lenye mchanganyo mwingine wa sauti wakaipandisha besi kidogo tu nairudisha siku hiyohiyo.